Ulisemaje

Mbwa wangu anaitwa Ulisemaje.
Nilimpa jina hilo mwaka ule Nambunga aliposimama mpakani
akadai mikorosho saba ya mwisho ilipandwa na babu yake.
Sikumjibu. Nilileta mtoto wa mbwa toka Mahuta, ndani ya tenga,
na kila magharibi nikamwita kwa sauti ya kuvuka mpaka:
Ulisemaje! We Ulisemaje, njoo ule!
Kitangari ikacheka. Nambunga akaninunia miaka minne.

Sasa goti lake la nyuma limevimba kama bibo lililosahauliwa chini,
lina moto, linang'aa pale waya ulipochana ngozi.
Nguruwe wamemaliza matuta mawili ya mihogo
naye anawatazama tu, kama karani aliyestaafu.

Nilimpakia kwenye pikipiki, ndani ya gunia, kichwa nje,
hadi Newala, kwa Bi Lukresia Mnali wa mifugo.
"Jina la mbwa?"
"Ulisemaje."
"Nimesema, jina la mbwa?"

Alicheka yeye kwanza. Kisha akanyoa, akapaka spiriti,
akapenyeza sindano pembeni ya pia ya goti.
"Maji ya goti zima huvutika kama ute wa yai. Tazama haya."
Nikatazama. Mepesi, yamechafuka, kama maji yaliyooshea mchele.
Sisi wa huku juu tunajua bei ya ndoo,
lakini sikujua kwamba hata ndani ya goti kuna kisima,
na kwamba kisima huoza mwenyewe akiwa bado anatikisa mkia.

Vidonge, wiki sita, asubuhi na jioni,
"na usiache wiki ya pili ukimwona anakimbia; wengi huacha hapo."
Kuosha kiungo kwa maji ya dripu, tena na tena.
Au kuukata mguu: "Mbwa hahesabu miguu, mama, tunaohesabu ni sisi."
Au sindano ile moja.
Nikauliza bei. Kifo kilikuwa rahisi kuliko vyote.

Wifi yangu alisema: Mbwa?
Na fedha ya mnada haijaingia, na Zamoyoni hana viatu vya shule?
Hakukosea. Ndiyo maana nilikasirika.

Usiku ule mate ya mbwa yalikuwa mkononi mwangu.
Nikanawa mara saba, moja kwa udongo,
na kunawa mara saba ni muda wa kutosha kufikiri.
Kufikia mara ya tano nilikuwa nimeuza mbuzi.

Alhamisi Bi Lukresia akaja na chupa zake.
"Nitafutie mtu wa kumshika kichwa. Mwenye nguvu, asiye na haraka."
Saa ile shambani alikuwepo mtu mmoja tu.

Nambunga alikuja bila salamu, akaketi chini,
akakilaza kichwa cha mbwa juu ya paja lake.
Waya ulikuwa wa nani, sikuuliza.
Aliitazama mikono yake muda mrefu
kuliko kazi ilivyohitaji.
Sindano ilipoingia, mbwa akajitupa kama samaki,
na Nambunga, mdomo karibu na sikio lile lililokatika,
akasema polepole: "Ulisemaje. Ulisemaje, tulia."
Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka.
Nusura nimjibu mimi.

Hii ni wiki ya nne.
Kidonge nakificha ndani ya tonge la ugali wa muhogo, na dagaa juu;
dagaa humezwa, kidonge hutemwa, tunaanza upya.
Mguu unagusa ardhi kwa vidole viwili, kisha unaghairi.
Alhamisi tutachota tena maji ya goti.
Yakiwa ya mchele, Bi Lukresia ameshaniambia, usije peke yako.

Usiku namwita kwa sauti isiyovuka hata mlango.
Ulisemaje?
Mkia unapiga sakafu mara moja.
Nangoja wa pili.